Rubisi ya mahari ilinirudisha siku ya kwanza

Wakuu, wanywaji na mliostaafu, nawasalimu. Kisa hiki ni changu, na sijakiongezea chumvi maana hata bila chumvi kinanitia aibu ya kutosha.

Mimi Mhaya, fundi friji, naishi Nyegezi. Nimekunywa miaka kumi na moja kwa bidii ambayo kama ningeiweka kwenye kazi, leo ningekuwa na ghorofa.

Mwishoni mwa mwaka juzi mke wangu, Adela, alichoka. Akambeba binti yetu wakavuka ziwa kwenda kwao Sengerema. Akasema atarudi nikimaliza mwaka mzima bila tone. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikajiunga na kikundi cha watu wanaoacha pombe, Jumamosi asubuhi. Aliyepewa kazi ya kunilea ni mama mmoja wa Kisukuma, Mama Nyanzobe, ambaye zamani alikuwa anapika gongo. Aliniangalia juu mpaka chini akasema wateja wa aina yangu ndio waliomsomeshea watoto.

Miezi nane niko sober, wakuu. Nikaanza hadi kuwapa watu ushauri.

Kisha mdogo wangu akataka kuoa. Baba alishafariki, mkubwa ni mimi. Kwetu rubisi, pombe ya ndizi, haikosi kwenye mahari, na wanaoileta wanaionja kwanza mbele ya wakwe ili ijulikane haina sumu. Mwonjaji nikawa mimi.

Hapo akili za Kihaya zikafanya kazi. Nikajiambia rubisi ya mahari si pombe, ni mila. Ingekuwa pombe, mbona katekista naye anaisubiri?

Nikaonja. Nikaonja tena, kuhakikisha sumu haijajificha chini ya kibuyu.

Siku ya nne ya kuonja, asubuhi kweupe, nikaamkia kwenye benchi la stendi ya Nyegezi na kiatu kimoja. Safari sina.

Nilimpigia Adela nikamwambia mwenyewe. Akasema basi nianze kuhesabu upya, na yeye ataanza kusubiri upya.

Jumamosi nikaenda kikundini kuaga, maana nilishaona sifai. Mama Nyanzobe akanivutia kiti.

"Umeanguka, hujazikwa. Leo siku ya ngapi?"

Nikasema ya kwanza. Wale watu wakapiga makofi. Nililia, sifichi.

Tangu hapo mwalimu mstaafu wa kikundini akawa anapita kwenye karakana yangu kila jioni kulalamika kuhusu friji lake. Friji lake ni zima kabisa. Anakuja kuninusa.

Mwezi uliopita mdogo wetu wa mwisho naye akataka kuoa. Wanaoa kama wametumwa!

Nilipanga kusingizia vidonda vya tumbo. Mama Nyanzobe akakataa, akasema uongo ndio chupa ya kwanza. Akavaa kitenge chake, akaja na mwalimu, wakakaa upande wetu kama ndugu.

Kibuyu kikaletwa. Nikaona wakwe wananitazama, na mdogo wangu anatokwa jasho, maana asiyeonja ana lake jambo.

Nikasema, "Wazee wangu, mimi ni mlevi. Nikionja hii sitaweza kuacha."

Mdogo wangu aliniangalia kama nimemvunjia ndoa, na kwa dakika ile niliamini nimeivunja.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, akanyanyuka akachukua kibuyu.

"Shangazi ni baba. Mdomo wangu unatosha."

Akavuta mrija mpaka nikaanza kumhofia yeye. Wakwe wakacheka, mahari ikapokelewa. Baadaye baba wa bibi harusi alinivuta pembeni akaniuliza kikundi chetu kinaanza saa ngapi.

Nilichojifunza: mila haitakufa kwa kukosa mdomo wangu, ukoo una midomo mingi. Na usiende peke yako, nenda na watu wanaojua unavyojidanganya.

Adela hajarudi. Juzi alinitumia picha ya ukuta wa jikoni kwao. Binti yetu huchora mstari wa mkaa kila siku ninayomaliza salama. Mistari ya ile miezi nane ya kwanza bado ipo. Nikauliza mbona hawajaifuta, si tulianza upya?

Adela akasema mtoto amekataa. Kasema na zile ni siku za baba.

Mliowahi kurudi siku ya kwanza, semeni hapa chini mlivutiwa kiti na nani. Na wa kunicheka waje, nimeshazoea.