Mondongo ya Paa la Abdiel

Eustorgia Batista alijua pua yake imekufa siku alipounguza ukoko na asijue. Alikuwa amekaa pale pale kando ya moto, anachagua dengu, wali unaungua chini ya sufuria mpaka moshi ukamchoma macho, na bado hakusikia harufu yoyote. Kwetu kijijini Loma Tuerta ukoko wa wali ni kitu cha kugombewa. Kuna ndugu wa tumbo moja hawasalimiani mpaka leo kwa sababu mmoja aliukwangua wote. Huu wa siku hiyo ulitoka mweusi kama soli ya kiatu. Baudilio, mumewe, aliutafuna hadi mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema:

"Mtamu, mama watoto."

"Umeungua, Baudilio."

"Umeungua vizuri."

Mume ambaye hajawahi kukisema vibaya chakula chako ni neema ya Mungu, mradi pua yako mwenyewe inafanya kazi. Ikishakufa, mume wa namna hiyo hana faida kuliko paka.

Sauti ikaruka ua kutoka nyumba ya pili. "Komadre, kuna kitu kinaungua huko?"

"Nafukiza mbu, komadre."

"Mbu wa wali hao."

Huyo alikuwa Dídima. Eustorgia alimshika mtoto wa kwanza wa Dídima siku ya ubatizo, na tangu hapo wakawa makomadre, undugu wa kanisani ambao kwetu una nguvu kuliko wa damu. Makomadre hawagombani. Wanaulizana hali, wanaazimana chumvi, na kila mmoja anamwombea mwenzake kwa Bikira Maria apungukiwe na kitu fulani. Dídima alichoomba kwa miaka mingi ni kwamba Eustorgia apungukiwe na sufuria.

Sufuria yenyewe ni ile kubwa ya chuma ya kupikia mondongo. Ukijenga nyumba kwetu, siku bati la mwisho linapopigwa msumari, unawapa mafundi mondongo: utumbo wa ng'ombe uliochemshwa na dengu, viazi na majani ya kulantro mpaka umelainika, juu ya wali. Hakuna anayekudai kisheria. Ila kuna wakili mmoja aliyerudi kutoka jijini akajenga nyumba ya vyumba vingi, siku ya paa akawapa mafundi soseji ndani ya mikate, tena kwa vikasha vya karatasi, akawahutubia juu ya afya ya moyo. Mafundi walimsikiliza kwa adabu. Mvua za kwanza zilipoingia sebuleni kwake alituma watu wawaite, na kila fundi siku hiyo alikuwa anaumwa mgongo. Padre huja kubariki nyumba mpya, ni kweli, na watu huja kwenye baraka wakiwa wamechelewa. Kwenye mondongo hakuna anayechelewa, padre mwenyewe akiwa wa kwanza.

Sufuria hiyo Eustorgia aliirithi kwa mama yake, na mama yake aliipata enzi za shida. Enzi zile mwenye ng'ombe alikuwa bwana mmoja tu kijijini. Akichinja, nyama ilikwenda mezani kwake, na vya ndani waliachiwa vibarua: maini, mapafu, figo, utumbo, kwato. Bwana aliona anatupa. Akina mama wakachukua kile kilichotupwa wakakifanyia mambo mpaka wana wa bwana wakawa wanaruka ua kwenda kula jikoni kwa vibarua, maini ya vitunguu asubuhi, mapafu ya kukaanga na mkate wa mahindi jioni. Eustorgia amelelewa katika jikoni hizo. Kusoma aliishia darasa la tatu, lakini angeshika kipande cha utumbo, akakileta puani, akakuambia kama ng'ombe alikunywa maji ya mto au ya dimbwi. Labda alikuwa anatudanganya. Hakuna aliyewahi kwenda kumuuliza ng'ombe.

Maana kazi yote ya mondongo iko kwenye kuosha. Unakwangua kwa kisu, unasugua kwa chumvi, unasugua tena kwa madanzi, unasuuza kijitoni, halafu unanusa. Macho hayasaidii, utumbo unaweza kuwa mweupe kama shuka la bibi harusi na bado una zizi zima ndani yake. Ni pua tu inayosema sasa basi. Na pua ya Eustorgia ilikwenda na homa aliyoipata Novemba, mwezi wa magwaride ya sikukuu za taifa, alipokaa kwenye mvua kumwangalia mjukuu akipiga ngoma nje ya mdundo.

Hakumwambia mtu. Alipika tamale za Krismasi, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani, kwa kukumbuka. Mwezi wa Januari akapika mondongo ya paa la wafugaji fulani wa bondeni, kwa kukumbuka vile vile, na watu wakala, wakashukuru, wakarudi makwao. Akajipa moyo. Pengine mikono ina pua yake.

Sasa ikafika zamu ya Abdiel, mwanawe wa mwisho. Abdiel alikuwa anajenga ili aoe, na fundi mkuu alikuwa Secundino, mjomba wa binti anayeolewa. Ukoo mzima wa mchumba ungekuwepo. Mondongo ya aibu kwenye paa la mgeni ni hasara ya mgeni. Kwenye paa la mwanao, mbele ya wakwe, hiyo unazikwa nayo. Angeweza kusema naumwa. Lakini sufuria kwetu haishikiliwi na mgonjwa. Ukisema huwezi mara moja, inahamia ng'ambo ya ua, na huko palikuwa na Dídima.

Jumamosi ile ng'ombe alichinjwa alfajiri. Eustorgia akachukua utumbo ungali na joto, akashuka nao kijitoni, akakwangua, akasugua, akasuuza. Akauleta puani. Hewa tupu. Akarudia kusugua mpaka madanzi yakamchoma kwenye michubuko ya vidole. Hewa tupu. Akamwita mbwa, akamtupia kipande. Mbwa akakimeza kabla hakijagusa ardhi, akatikisa mkia. Akakumbuka mbwa huyo huyo alimeza sabuni wiki iliyopita.

Akampelekea Baudilio beseni.

"Nusa."

Baudilio akainama, akavuta pumzi kama mtu anayenusa waridi. "Safi kabisa."

"Baudilio, mwanao anaoa. Nusa vizuri."

"Safi, mama watoto. Kwani lini umewahi kukosea?"

Alimtazama yule mzee mwema akatamani kumpiga na beseni. Kule juu kwa Abdiel nyundo zilikuwa zimeshaanza. Mabati yanapandishwa, Secundino anamtukana mtu aliyeshika ngazi. Kijiji kizima kilikuwa na watu wenye adabu, na adabu ndiyo kitu ambacho Eustorgia hakukihitaji asubuhi hiyo. Alihitaji mtu asiyempenda.

Akafunika beseni kwa kitambaa, akavuka ua.

Dídima alikuwa jikoni anakaanga mapafu. Hakuinuka. "Karibu, komadre. Leo siku yako kubwa, na bado uko huku?"

"Nimekuja uninusie huu."

Dídima akalitazama beseni, akamtazama yeye, akaweka mwiko chini polepole. "Ninuse mimi? Pua yako imesafiri?"

"Imekufa. Tangu Novemba."

Mafuta yalikuwa yanalia kikaangoni. Eustorgia alisimama akingoja kicheko, ameshaandaa na jibu lake. Hakikuja.

"Kwa hiyo zile tamale za Krismasi ulizonipa," Dídima akasema.

"Nilipika kwa kukumbuka."

"Ndiyo. Zilikuwa na ladha ya kitu kilichosahaulika." Akafunua kitambaa, akainama, akanyanyua uso. "Bado."

Eustorgia akarudi kijitoni. Njia nzima kichwa chake kilikuwa kinamwambia maneno: anakuchelewesha huyo, anataka mafundi washuke wakute sufuria baridi, amengoja siku hii tangu mama yako afe. Akasugua, akasuuza, akapanda tena kilima na beseni kiunoni.

"Bado."

"Komadre, bati wamefika nusu."

"Mimi sinusi bati. Bado."

Eustorgia akaweka beseni chini. "Kama unanifanyia makusudi, sema sasa, tumalizane. Tumeongea vizuri miaka mingi, tunaweza kuongea vibaya siku moja."

"Sikiliza, wewe mwanamke," Dídima akasema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuacha kumwita komadre. "Ningetaka kukumaliza, ningekuambia safi tangu mara ya kwanza. Ungeupika, ungeupakua, na mimi ningekaa mstari wa mbele naangalia. Ni rahisi hivyo. Sijui hata kwa nini sikufanya."

Akaepua kikaango, akachukua kisu chake ukutani, akatangulia kushuka kijitoni. Huko akakifunua kile kipande chenye kurasa kurasa, kinachoitwa kitabu, akapitisha kisu kila ukurasa. Waliokuwa wanapita wakiwaona wameinama pamoja walifikiri kuna msiba.

Walipikia uani kwa Eustorgia, Dídima ameingia kwa mlango wa nyuma, na kwa kila anayechungulia alisema amekuja kuazima chumvi.

"Kulantro," Dídima akasema, baada ya kuonja.

"Nimeshatia."

"Umetia nyasi. Haya yamekauka, hayana kitu. Lete mabichi."

"Hayo nimeyachuma jana."

"Umeyachuma mwaka juzi, kwa harufu yake. Lete mabichi, usibishane na mtu mwenye pua."

Eustorgia akaleta mabichi. Ilimchoma kuliko madanzi. Alikoroga pale alipoambiwa koroga, akapunguza kuni alipoambiwa punguza, na jikoni ni kwake.

Alasiri bati la mwisho likapigwa. Mafundi wakashuka na jua mgongoni, wakanawa, padre akatokea na maji yake ya baraka, akanyunyiza vyumba vyote kwa kasi ya mtu mwenye njaa. Secundino akapakuliwa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyepiga msumari wa mwisho. Wakwe walikuwa wamepangwa kwenye benchi kama mahakama. Eustorgia alisimama na upawa, akimwangalia Secundino mdomoni. Alitafuna. Akameza. Akachota tena, akatafuna, na mara hii akafumba macho.

"Mama Eustorgia," akasema, "hii ndiyo mondongo."

Kila mtu akapumua. Abdiel akacheka, mama wa mchumba akaomba aongezewe mchuzi, seco, ile pombe kali ya miwa, ikaanza kuzunguka. Na kwa sababu seco ilikuwa imeanza kuzunguka, kijana mmoja mbeba kokoto akatia neno lake.

"Afadhali, mama. Maana ile ya Januari tulikula kwa heshima tu."

Mwenzake akampiga kiwiko. Alishachelewa. Watu wakainamia sahani zao, wote kwa pamoja, kama wako kwenye sala, na Eustorgia akatazama vichwa vile vilivyoinama akaelewa. Kijiji kizima kilikuwa Baudilio. Walikula mavi ya ng'ombe mwezi wa kwanza wa mwaka, wakafuta midomo, wakamwambia, Mungu akubariki.

Mama mmoja wa ukoo wa mchumba, kuokoa hali, akasema kwa sauti ya juu kidogo: "Basi mama, na sisi tunaezeka baada ya Pasaka. Tusiende kutafuta mbali, si utatupikia wewe?"

Dídima alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni na sahani yake. Hakuinua macho. Angeweza kusema neno moja tu, na hakulisema, akaendelea kutafuna taratibu. Kama Eustorgia angejibu ndiyo, kila Jumamosi ya paa angevuka ua na beseni limefunikwa kitambaa, akisubiri kuambiwa bado, na ng'ambo kule pangekuwa na mtu mmoja anayejua.

"Muulizeni komadre Dídima kama ana nafasi," akasema. "Leo ameosha yeye. Na kupika pia, kama mnataka kujua. Mimi pua yangu haifanyi kazi."

Padre akakohoa.

"Nafasi ninayo," Dídima akasema. "Lakini mimi sipikii jikoni kwa mtu. Sufuria itakaa kwangu."

"Itakaa kwako."

Watu walipotawanyika Baudilio akaisugua sufuria kwa majivu, akaibeba mabegani, akaivusha ng'ambo. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye kigoda, anaangalia mafiga matatu na jivu katikati. Akakaa karibu yake. Akasema si kitu, mama watoto, nawe umechoka, chuma chenyewe kizito.

"Baudilio."

"Naam."

"Ya Januari. Ilinuka?"

Mzee akaangalia mikono yake, ina masizi mpaka kwenye viwiko.

"Ilinuka."

"Sana?"

"Sana, Eustorgia."

"Na wewe ulirudia sahani."

"Ulikuwa unanitazama," akasema.