Rapore Juu ya Mama wa Meza ya Tatu

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Nilisoma shule ya msingi na miaka miwili ya ufundi, basi. Lakini juzi mtu mmoja niliyefanya naye kazi alisimulia mbele yangu kwamba mimi ndiye niliyemfukuza yule mama. Si kweli. Si uongo pia. Ndiyo maana naandika.

Kiwanda chetu cha nguo hapa Kisangani kilikuwa kinafuma kitambaa cheupe, ambacho kisha kilikwenda kupigwa rangi. Kabla ya rangi, kila roli ya kitambaa ilipita mikononi mwa akina mama wa ukaguzi. Walisimama kwenye meza zao, wakavuta kitambaa juu ya mti laini, wakapitisha kiganja toka ukingo huu mpaka ule. Fundo, uzi uliokatika, tundu: kiganja kilijua. Penye kosa walifunga uzi mwekundu ukingoni. Mama wa meza ya tatu aliwapita wote. Alitoka kwenye familia za wavuvi wa maporomoko, alikuwa mjane, na watoto wanne walikula kwa mkono ule. Namba za roli aliandikiwa na jirani yake wa meza ya nne, mama Mwislamu wa Maniema. Alisema yeye hakusoma. Tuliamini, maana wengi hawakusoma.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire na kila mkubwa aliitwa citoyen, yaani mwananchi. Citoyen mkuu wa ufumaji akaniita: mashine za ukaguzi zimefika, na mimi nitakuwa monitere, mwalimu wa kazi, wa akina mama, kwa sababu niliwahi kufungua mashine ya kufuma na kuirudishia vyuma vyake vyote. Mashine haikuwa ngumu. Motere inavuta kitambaa juu ya kioo, chini ya kioo kuna taa kali, kosa linaonekana wazi; unakanyaga pedali, kitambaa kinasimama. Nilipewa wiki tatu, kisha rapore: jina la kila mama, na mbele yake neno langu, anaweza au hawezi, na kwa nini.

Siku ya kwanza walinicheka. Mmoja aliuliza, "Monitere, kioo yako inaonyeshaka na kwenye bwana yangu alilala?" Wangenisaidia kama ningecheka nao. Mimi nilikunja uso, nikiogopa kudharauliwa.

Mama wa meza ya tatu alianza vizuri kuliko wengine. Baadaye nikaona sababu: kiganja chake kilikuwa juu ya kitambaa kinachokimbia. Rola zingeweza kumeza vidole, kwa hiyo kumkataza ilikuwa haki. Hilo nalisema mpaka leo. Nilimwambia, "Mama, mukono chini." Akauteremsha. Toka hapo aliacha matundu ya kupitisha ngumi yaende zake, akakanyaga pedali pasipo na kosa lolote. Niliona ni ukaidi. Wiki ya pili nikamwuliza mbele ya wote kama anatuchezea. Jirani yake ndiye aliyenigeukia.

"Monitere, weye uko mutoto wa watu. Acha mama ya watu."

Nilidhani wanaungana juu yangu, kama wakubwa walivyokuwa wakisema siku zote kuhusu akina mama wa ukaguzi.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, taa ya mashine yake iliungua. Motere haikusimama. Mimi nilikuwa nyuma natia mafuta mashine nyingine, nikaona kioo chake hakina mwanga, kitambaa kinapita, na yeye ameinamisha uso, mguu juu ya pedali, anatazama. Kitambaa kilipita mita nyingi. Jirani yake akakohoa. Akakohoa tena. Yule mama akaendelea kutazama kioo kilichokufa, kwa uangalifu wote, kama mwanafunzi anayejua anaangaliwa. Ndipo jirani akaacha kukohoa, akashika kichwa.

Nilizima motere, nikatoka na yule mama uani penye mapipa ya wanga. Alianza yeye kabla sijauliza. Ni ugonjwa wa mto, alisema, unaopofusha macho, unaletwa na vile vijidudu vyeusi vinavyouma kule penye maji ya nguvu. Ulimpata mama yake, ukampata dada yake. Alikuwa bado anaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu. Asubuhi ile jua la dirishani lilimdanganya kwamba taa inawaka. Jirani yake alimshika mkono kila siku toka njiani mpaka mezani. Nami niliwaona kila siku, nikasema moyoni, marafiki hawa.

Kisha akaniambia anachotaka. Alisikia kwamba wasioweza mashine watapelekwa upande wa kufunga mizigo. Kufunga anaweza.

"Andika mi niko mujinga, mwanangu. Mujinga habamufukuzaka."

"Lakini si kweli, mama."

"Sasa kweli itanilishia batoto?"

Karatasi ile nilikaa nayo siku mbili. Nilijiambia kwamba nilishamwaibisha mara moja kwa ukaidi asiokuwa nao, na kumwandika mjinga ni kumwaibisha mara ya pili, tena kwa wino. Nilijiambia kiwanda kina dispanseri, watamtibu. Na niseme yote: nilitaka pia ijulikane kwamba mafundisho yangu hayakuwa mabaya. Kama ni macho, si monitere. Sijui sababu ipi ilikuwa na nguvu zaidi. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu linabadilika kutegemea nilivyolala.

Niliandika: macho.

Daktari wa kiwanda alimpima. Alikuwa mtu mpole, simlaumu. Alisema ugonjwa huu ni wa mto, si wa kazi, donc, kwa hiyo, kampuni haihusiki. Na mtu asiyeona hawezi kuachwa karibu na mashine, hata upande wa mizigo. Naye alisema kweli. Akina mama wawili niliowaandika "hawezi" walihamia kufunga mizigo, wakabaki huko miaka.

Siku alipoachishwa kazi, yule mama alizunguka meza zote, jirani yake akimwongoza, akaaga kwa mkono. Kwangu pia alifika.

"Weye ulifikiri nini, mwanangu?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nilimwambia nilidhani watamtibu.

"Bon, basi," akasema, akauachia mkono wangu.

Mwaka uliofuata zikaja mashine za kukunja, nikaitwa tena kuwa monitere. Safari hii nilikuwa mpole, nilitania, nilirudia kila kitu mara mbili. Hakuna aliyecheka. Nilipouliza nani hajaelewa, wote walijibu, "Tumeelewa, monitere." Hakuna aliyesema mgongo unamuuma, au sikio moja halisikii, au pedali iko mbali na mguu wake. Nilipita nyuma yao polepole. Nilijua kuna mmoja anayenificha kitu, labda zaidi ya mmoja, na sikuthubutu kuangalia sana.