Noreen Tuckwell, Kiraka wa Jukwaa

Zamani taa ya jukwaani ilishikwa na mtu mwenye macho na roho. Siku hizi inashikwa na kompyuta isiyojua hata nani anaimba.

Merv Pascall aliishika taa hiyo nusu ya maisha yake, juu kwenye roshani ya ukumbi mmoja wa Melbourne. Aliwaona waigizaji wengi wakija na kupotea, lakini aliyemkosesha raha ni Noreen Tuckwell, binti wa mkata manyoya ya kondoo kutoka Wangaratta. Noreen aliimba sauti ya juu na ya chini, akacheza kwa viatu vyenye vyuma vya kugonga sakafu, akachekesha, akalia machozi ya kweli. Alijua nafasi za wenzake wote. Akiugua mmoja, yeye anavaa nguo zake na kuingia. Ndiyo maana walimwita Kiraka.

Hakuketi. Hata pai ya nyama aliila akitembea, sosi ikimchirizika mkononi.

"Kaa chini ule kama mtu!" Merv alimkemea.

"Nikikaa, mzee, na mtu akianguka?"

"Basi utazeeka wima kama farasi."

Alicheka, macho yakiwa mlangoni. Miaka ilikuwa inamkimbia, naye hakuwa na nafasi hata moja ya kwake.

Mwishowe ikaja. Mwimbaji mkuu aliacha kazi, na mwongozaji, Desmond Farrant, akampa Noreen onyesho la alasiri ya Jumatano. Akiliweza, nafasi ni yake mpaka ziara yao ifike Sydney. Kabla pazia halijafunguliwa wenzake walimpigia kelele, "Kuku! Kuku!" Hivyo ndivyo watu wa jukwaa wa kule wanavyotakiana heri, kwa kuwa enzi za wazee wao, ukumbi ukijaa ndipo walipokula kuku.

Noreen aliimba mpaka Merv akasahau kukohoa. Kisha, katika wimbo wa mwisho, msichana mmoja wa mstari wa nyuma akateguka kifundo cha mguu, akachechemea kutoka. Mstari ukabaki na pengo. Hakuna aliyemwita Noreen; miguu ilikwenda yenyewe. Akaacha katikati ya jukwaa, akaingia mstarini, akacheza hatua za yule msichana.

Merv alikuwa amefundishwa na wakongwe jambo moja: taa humfuata mtu, haifuati mahali. Akamfuata. Watazamaji wakadhani ndivyo ilivyopangwa, wakasimama wakapiga makofi.

Merv alishuka ngazi mbiombio, akamkuta Farrant nyuma ya pazia.

"Umemwona, Des?"

"Nimemwona. Malkia wangu kakimbilia kwa watumishi."

"Watu wamesimama!"

"Wamesimama, sawa. Lakini anayeziba kila pengo, Merv, utamweka wapi akatulia? Mwimbaji mkuu nitapata mwingine. Kiraka kama huyu sipati."

Noreen alikuwa nyuma yao, kiatu kimoja mkononi.

"Kumbe kosa langu ni kufaa?"

"Mpenzi, wewe ni dhahabu."

"Basi kaniweke benki, Des. Hapa sirudi."

Farrant akaondoka akitikisa kichwa. Noreen akamgeukia Merv, akasema polepole, "Ungeiacha taa pale kati, mzee, ningeiona. Ningerudi."

Merv aliifanya kazi yake kama alivyofundishwa, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi nzuri inaweza kumfukuza mtu.

Kampuni moja ndogo ya Adelaide ilikuwa inatafuta mwimbaji mkuu. Mshahara mdogo, ukumbi mdogo, lakini nafasi moja tu, na ya kwake. Jumapili asubuhi Merv alimbebea sanduku mpaka stesheni ya Spencer Street. Akamnunulia chai, naye Noreen akainywa akizungukazunguka.

"Huko utakaa?" Merv akamuuliza.

"Nitajaribu, mzee. Usinicheke."

Akapanda. Treni ikaanza kusogea, na Merv akamwona dirishani, kisha dirisha la pili, kisha behewa la mbele, sanduku begani, akipita katikati ya watu waliokwisha kuketi. Treni ikapinda, na hakujua kama alipata kiti.