Mashudu ya Kisesa

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mirongo, Katibu wa bodi ya rufani za kodi alinitupia faili mezani kabla sijakaa. "Mama, huyu anasema kaonewa. Nenda kaangalie." Mafunzo yangu yaliishia hapo.

Ninyi vijana mna kompyuta. Sisi tulikuwa na miguu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu na viwanda vya umma vinauzwa kwa watu binafsi. Kampuni isipoleta hesabu zinazoeleweka, afisa wa kodi hufanya makadirio, yaani anakisia imezalisha kiasi gani na kuitoza kodi kwa kisio hilo. Isiporidhika, inakata rufani kwetu. Mchunguzi, ndiye mimi, anakwenda kuutafuta ukweli kabla bodi haijakaa.

Faili lenyewe lilikuwa la kinu cha kukamua mafuta ya pamba, Kisesa. Vitabu vyake vya miezi mitano vilikuwa vitupu. Meneja alidai mashine ilikufa, wakasubiri kipuri. Afisa wa kodi akasema hapana, wanakamua kwa siri. Rufani ikishindwa kinu kinafungwa, na wafanyakazi wote wanarudi kwenye jembe.

Nilifika, nikadai bili za umeme. Kumbe miezi yote mitano umeme umetumika. Meneja akasema ni pampu ya kisima, ameiacha iendelee ili wanakijiji wachote maji. Nilicheka moyoni. Mimi nidanganywe kwa hadithi ya kisima? Nikaandika ripoti ya kurasa nne, nikaipeleka kifua mbele.

Mwenyekiti wa Bodi, mzee wa Magu mwenye ng'ombe wake nyumbani, aliisoma yote polepole.

"Kinu kikikamua, mashudu yanakwenda wapi?"

Mashudu ni makapi ya mbegu yanayobaki mafuta yakishatoka. Nikajibu sijui.

"Yanaliwa na ng'ombe. Umewauliza wenye ng'ombe?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi rudi. Na hii ripoti usiichane, ibaki kwenye faili."

Kisesa nilimkuta mzee Masanja, mfugaji wa jirani na kinu, zizini kwake. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama miezi ile mitano alipata mashudu.

"Marahaba, mwanangu. Mashudu? Kiangazi kile hatukuona hata gunia moja. Nilizika madume mawili kwa njaa."

Nikamuuliza maji walipata wapi.

"Pale kiwandani, bure. Yule meneja angezima pampu, na sisi tungewafuata ng'ombe kaburini."

Majirani zake watatu walisema hivyohivyo. Ripoti ya pili ilikuwa ukurasa mmoja, na bodi ikafuta makadirio. Meneja alikuja kunishukuru. Jamani, iliniuma kuliko kama angenitukana, maana ukweli wote alishaniambia mapema.

Sasa nimestaafu, nipo Igoma na ng'ombe wangu mmoja. Siku ya mwisho kazini niliomba lile faili. Ripoti zangu zote mbili zilikuwemo. Ile ya kwanza niliisoma hadi mwisho: mwandiko mzuri, hoja zimepangika. Kurasa nne nzima, na neno maji halimo.