Sizoni ya Kikorea Niliyowachagulia Majirani

Mjukuu wangu aliponiletea jiko la gesi, watu walisema ananidekeza. Mimi na yeye tulijua sababu. Huku kwetu nje ya Rwamgasa kuni zimekwisha siku nyingi, na kwa miaka nilipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unajulikana unavyoyafanya macho ya mwanamke akishazeeka. Yanakuwa mekundu, na wekundu wake hautoki hata ulale siku mbili. Kwingine macho mekundu ni ugonjwa. Huku ni kesi ya uchawi.

Mama yangu mdogo alikuwa nayo. Sitaeleza mengi. Walikuja wanaume watatu saa ya kukamua, mapanga yamefungwa kwenye gunia, wakamsalimia kwanza, naye akaitikia. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya ndama. Majina yao wote watatu ninayo mpaka leo, na la yule ndama pia. Tangu wakati huo sijawahi kuamka bila kuangalia macho yangu kwenye kioo kabla hata ya kusali, isipokuwa siku chache tu.

Basi lilipokuja lile jiko, miezi ikapita, macho yakatakata. Nikaanza kutembea nimeinua uso. Mtu akinisalimia nikawa namtazama usoni, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha tangu mume wangu afariki na mimi kubaki peke yangu kwenye nyumba hii.

Mjukuu huyo anasuka nywele Kahama. Kwenye saluni yake wasichana wanatazama sizoni za Kikorea tangu wanapofungua mpaka wanapofunga. Siku moja akaja na runinga ndogo inayotumia sola, na flashi imejaa.

"Bibi, upweke utakumaliza. Tazama hawa."

"Hawa Wachina?"

"Wakorea, Bibi! Ukiwaita Wachina kule saluni watakutoa nje na nywele zako nusu."

Zimetafsiriwa. Kuna mwanamume anazungumza Kiswahili juu ya sauti zao, anaeleza, anacheka, wakati mwingine anawasema wahusika utadhani watoto wake. Lakini chini ya sauti yake bado unawasikia wenyewe kwa lugha yao, hasa wanawake wakilia. Mjukuu alinipangia mpangilio. Alisema nianze na ya msichana anayeuza kabichi za pilipili na kijana wa jumba la vioo, kwa sababu ile ni ya kucheka. Nilicheka kweli. Mpaka sehemu ya tisa ndiyo wanashikana mkono! Nikampigia simu nikamwambia kwetu hapo ng'ombe wa mahari wangekuwa wameshazaa. Baada ya hiyo ikafuata ya mwalimu wa kuogelea na mjane, tamu, ila mama mkwe wake nilitamani kumpiga na mwiko. Ya mwisho kwenye flashi alinikataza.

"Hiyo usitazame peke yako, Bibi. Ya fundi saa. Nisubiri nije."

Sikumsubiri.

Ni binti fundi saa, ana ugonjwa wa damu, na anampenda dereva wa basi la kijijini. Hamwambii kwamba anaumwa. Kila siku anapanda lile basi bila safari, anashuka mwisho wa njia, anarudi nalo. Ni hivyo tu. Sehemu kumi na sita. Sola yangu inashika vizuri kuanzia saa tatu asubuhi, na jua likiingia mlangoni kioo kinang'aa huoni kitu, kwa hiyo nilikuwa nafunga mlango na dirisha. Nililia siku tatu. Nililia na ya kwangu humohumo, mume, watoto wawili niliozika, mama mdogo. Nilikuwa namgombeza binti kwa sauti: "Mwambie! Mwambie ukweli kabla hujachelewa!"

Siku ya nne nikaenda bombani kuchota maji. Sikuangalia kioo asubuhi ile, wala zile tatu za kulia. Nilijisahau, kwa sababu ya gesi.

Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aligeuka kunisalimia. Akafungua mdomo, akanitazama, akafunga. Akachukua ndoo yake ambayo haijajaa. Watoto wawili walikuwa wanachezea maji, mama yao akawavuta kwa mkono mmoja kila mmoja, akaondoka nao bila kusema. Nikabaki mimi na bomba linamwaga. Ndipo nikainama kwenye ndoo nikaona uso wangu.

Nilijua wakati huohuo. Mtu akikuambia hofu inapanda polepole, huyo hajawahi kuipata. 

Ukweli ni kwamba hali ilikuwa mbaya na mimi sikuwa na habari, nimejifungia na Wakorea. Jirani yangu wa ng'ambo ya uzio wa minyaa alikuwa amefiwa na ndama wawili ndani ya juma moja, halafu mtoto wake mdogo akashikwa na homa. Aliyeniambia ni rafiki yangu, mama ntilie mmoja mtu wa Kigoma anayewapikia wachimbaji kule kwenye maduara, mashimo ya dhahabu. Yeye anasikia yote, wanaume wakila hawachungi midomo. Alikuja adhuhuri ileile, akaingia bila hodi, akaniita mayu, yaani mama, kama wanavyoniita wote huku.

"Mayu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Jirani yako amekwenda kwa mganga, ng'ambo ya Bugarama huko. Amepigiwa ramli. Ameambiwa ni mwanamke mzee, yuko karibu, na analia bila msiba."

Nikageuka kuitazama runinga.

"Sasa wanasema wamekusikia. Mchana kweupe, mlango umefungwa, kuna mwanamume anazungumza humu, na wanawake wanalia kwa lugha isiyojulikana."

"Ni runinga! Nani hajui runinga?"

"Wanaijua. Wanasema runinga gani inafungiwa mlango. Na macho hayo, Mayu, ni ya runinga?"

"Ndiyo."

Akanitazama sana. Yule mwanamke hacheki hovyo, lakini alicheka, akashika kichwa. "Yaani unataka kufa kwa ajili ya dereva wa basi wa Korea!"

Nilimwambia nitakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akanikumbusha mwenyekiti ni shemeji wa yule jirani. Nikampigia mjukuu, naye akalia kwenye simu, akasema panda basi leo hii uje Kahama, uache kila kitu. Nilifika hatua ya kufunga kanga zangu kwenye furushi. Halafu nikakumbuka mama mdogo naye aliwahi kukimbilia kwa kaka yake. Alikaa huko juma moja. Watu wakasema, angekuwa safi angekimbia nini? Aliporudi ndipo walipomjia. Nikafungua furushi.

Siku mbili zilizofuata sitaki kuzikumbuka lakini zinakuja zenyewe. Nilinawa macho kwa maji baridi, kwa maji ya chumvi, kwa majani ya chai. Yakazidi. Nililia kwa kuogopa kwamba nimelia. Mtu akipita njiani nasikiliza hatua zake kama zinapunguza mwendo. Jirani alipita mara mbili. Zamani ananiamkia tangu yuko mbali, "Shikamoo mayu, umeamkaje?" Sasa alipita ametazama mbele, shingo imekaza.

Mama ntilie ndiye aliyesema nifungue mlango. "Waite waje waone wanachokisikia."

"Hawatakuja."

"Karanga zako umeshabangua?"

Hapo nikaelewa. Huku kwetu mwanamke akikualika kubangua karanga, nawe zako alikuja akakubangulia, huwezi kukataa. Kukataa ni kumwambia mbele ya watu kwamba wewe ni adui yake, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka hilo. Mimi nilikuwa nimebangua kwa kila mmoja wao, mwaka huu na miaka yote. Hata kwa mke wa yule jirani, mikono yangu ilikuwa imevimba vidole.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba nimejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Nilisimama nje ya kila uzio, nikasema, kesho saa tatu, nina magunia manne. Waliitikia wakiwa wanatazama miguu yangu.

Lililobaki lilikuwa kuchagua. Usidhani nilichagua kwa raha. Ya kabichi wangecheka, wangekwenda zao wakasema bibi anafurahia wakati mtoto wa mwenzake ana homa. Ya mjane nayo nikaikataa, sikutaka waone mjane na kijana. Nilihitaji macho yao, hilo tu. Nikaweka ya fundi saa.

Walikuja kumi na mmoja. Majina yao nayajua kuanzia aliyekaa karibu na mlango hadi aliyeegemea ukuta wa ndani, siyaandiki kwa sababu bado tunachota maji bomba moja. Mke wa jirani alikuja wa mwisho, akakaa kizingitini, nusu nje. Mtoto wake alikuwa amepelekwa zahanati na bibi yake mzaa mama, wamemlaza. Nilitundika mablanketi nje kwenye fito ili kuzuia jua, mlango nikauacha wazi kabisa.

Mwanzo zilisikika karanga tu, ta, ta, ta. Kisha mmoja akasema, "Huyo mwanamume amepaka rangi ya mdomo?"

"Amepaka."

"Na huyo ndiye dereva? Kwa mikono hiyo hawezi kubadilisha hata tairi ya baiskeli."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yao, natazama migongo. Sehemu ya pili mikono ikaanza kupunguza kasi. Sehemu ya tatu, binti anashuka mwisho wa njia na kumbe mvua inanyesha, mwanamke mmoja akasema kwa hasira, "Si amwambie!" Jioni walipoondoka gunia la kwanza halikuwa limefika nusu. Hakuna aliyeuliza tunamaliza lini. Waliuliza kesho ni saa ngapi.

Kesho yake mke wa jirani alikaa ndani.

Siku ya tatu tulifika sehemu ya kumi na nne, ile ambayo dereva anaikuta barua ndani ya saa aliyotengenezewa. Sijui nikuelezee vipi. Wanawake wale wana kila mmoja kaburi lake. Kuna mwenye mume aliyefukiwa duarani na hakutolewa. Kuna aliyezika pacha. Walilia kama watu waliopewa ruhusa. Mmoja alikuwa anajifuta kwa pindo la kanga ya mwenzake. Karanga zilikuwa zimemwagika chini, hakuna anayeokota.

Ndipo kivuli kikaingia mlangoni.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka shambani, panga mkononi, suruali ina udongo mpaka magotini. Labda alikuja kumfuata mke wake maana jua lilikuwa limepinda na kwake hakujapikwa. Labda. Mimi niliona panga. Nilimwona mama mdogo anaitikia salamu. Nilishika mguu wa kiti na kuwaza kwamba watoto wangu waliobaki hawatajua nilikuwa natazama nini.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mke wake akageuka, na uso aliomgeuzia ulikuwa umevimba, macho mekundu kama pilipili iliyoiva.

"Bado hajafa," akamwambia. "Sogea, unaziba mwanga."

Alimtazama mke wake. Akamtazama aliye karibu naye, ambaye ni shangazi yake wa damu, macho yaleyale. Akaendelea, mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake kwenye zizi la mwingine. Wote kumi na mmoja, na mama ntilie. Kisha akafika kwangu. Nilimtazama. Sikuinamisha uso, si kwa ushujaa, shingo ilikuwa imekataa kugeuka.

Kwenye runinga dereva alikuwa anakimbia, yule mtafsiri naye sauti imemkauka.

"Anakimbilia wapi?" jirani akauliza.

"Hospitali," shangazi yake akasema. "Kaa au toka."

Akakaa. Aliegemeza panga ukutani, upande wa nje, akakaa kizingitini, magoti juu. Sehemu ya kumi na nne ikaisha, nikaenda kuweka ya kumi na tano, flashi ikaniponyoka. Aliiokota yeye. Alinipa, na mimi nilichukua bila kushukuru.

Ilipoisha, jua lilikuwa limekwisha nguvu na sola ikaanza kulia. Alisimama, akajipangusa. Macho yake sikuyaona vizuri, alikuwa ametazama nje.

"Imebaki?"

"Moja," nikasema.

Akamwambia mke wake, "Basi kesho upike mapema." Akachukua panga lake, akapita kwenye minyaa.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mama ntilie alipiga kigelegele. Wakaanza kukusanya kanga zao, wakanipa mkono mmoja mmoja, nami nilipaswa kusimama kuwasindikiza mpaka njiani, ndivyo ilivyo desturi. Nilijaribu. Miguu haikuwepo. Nikabaki nimekaa katikati ya maganda ya karanga, nimeshika mguu wa kiti, na wao wakanihurumia, wakasema, "Kaa tu, Mayu, leo umelia sana."