Dada wa Kwenye Simu

Kazi yangu ilikuwa kujibu wateja wa duka la nguo la mtandaoni, nikiwa nyumbani kijijini Nyarero, na simu tu. Wenzangu walikuwa mikoa mingine. Tulikutana kwenye grupu la kazi, humo humo kwenye simu.

Asubuhi ya kwanza nikasalimia kama tunavyosalimia kwetu: mmeamkaje, watoto wazima, ng'ombe je, mvua imenyesha? Msimamizi akajibu, "Hapa ni kazini, kijana. Salamu moja inatosha." Nikaona aibu. Ndipo dada mmoja wa humo akanitumia ujumbe wa sauti pembeni, nje ya grupu, anacheka: "Ng'ombe sina, mdogo wangu. Nina mume tu, naye kaamka salama."

Akawa dada yangu. Alinifundisha nisiandike kwa herufi kubwa, watu wanaona unawafokea. Mwenzako akikusaidia, mshukuru mbele ya wote. Mkikosana, mfuate pembeni. Mimi nikawa naota siku atakapokuja kwetu nimchinjie jogoo.

Siku moja sauti yake ikaja imekauka. Alisema anaumwa, anakwenda kulazwa. Mama aliposikia akaenda kusagisha ulezi. "Mgonjwa hapewi pole ya mdomo tu. Mtumie unga wa uji."

Nikaupeleka mjini, Bomani, kwenye ofisi ya mabasi. Karani akauliza mzigo unakwenda wapi na nani ataupokea. Nikasema ngoja nimuulize mwenyewe. Nikamwandikia kwenye namba yake. Akajibu mtu mwingine: "Hii ni laini ya kazi, nimepewa leo. Aliyekuwa nayo ameacha kazi." Nikampigia msimamizi. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba habari za mfanyakazi hazitolewi.

"Kijana, sogea, kuna watu nyuma yako," karani akasema.

Nikarudi na mfuko wangu. Mama hakunilaumu, alishangaa tu. "Muda wote huo unamwita dada. Kwao wapi? Wa ukoo gani? Huyo mume wake ni nani?"

Nilijua anavyocheka. Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo gumu. Kwao sikujua. Nikafungua simu nimsikilizishe mama ile sauti yake ya mwisho, maana sikuwa na kingine cha kumwonyesha.

Mama akasikiliza amesimama. Akaniambia nirudie. Halafu akakaa chini, akasema, "Mwanangu, kwao hatukujui, lakini huyu anaumwa kweli."