Na Wengineo

Mzee Dzombo Nyale wa Minjila anajulikana kwa mambo mawili: mahindi yake, ambayo yakikosa kukauka husombwa na mafuriko lakini hayajawahi kumliza, na neno lake kwamba watoto wa siku hizi wana ngozi ya papai bivu, ukiwagusa kwa kidole wanabonyea.

Ushahidi wake mkubwa ni mjukuu wake Mitchelle, anayesomea ualimu. Kwetu Wagiriama babu na mjukuu hutaniana kama mume na mke, basi Desemba iliyopita Mzee aliwaambia wageni kwamba huyu mke wake akipanda mtumbwi, Mto Tana utafurika mpaka Garsen. Watu wakacheka. Mitchelle akaweka sinia chini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Babu, hilo limeniuma."

Jioni alimpakulia ugali kama siku zote, na jambo likaisha. Yaani kwa Mitchelle liliisha. Mzee alilitembeza Minjila nzima kwa mwezi mzima. Yeye amezika mama, amezika mtoto, amehamishwa na maji mara nne, na hakuna aliyemsikia akisema limemuuma.

Hilo ni kweli, hakusema. Alichofanya ni kutosemezana na mdogo wake Kavumbi kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu ya firigisi.

Ilikuwa siku ya kumzika mama yao. Firigisi ya kuku ni ya mkubwa wa nyumba; hata mtoto anajua. Dzombo alipofunua bakuli hakuikuta, na alipoinua macho alimwona Kavumbi anaitafuna. Akanawa mikono, akaondoka. Tangu hapo wakikutana mnadani Garsen, Dzombo alikuwa akigeuka kutazama ng'ombe wa watu. Alikuwa anamwadhibu.

Miezi michache iliyopita ikaja habari kwamba Kavumbi amelazwa hospitali ya Ngao, kesho yake atapasuliwa tumbo, na kwa umri wake huenda asiamke. Mzee alisema hayamhusu. Baada ya kitambo akauliza bodaboda ya Ngao inapatikana wapi, ilhali kituo chenyewe kiko mbele ya nyumba yake. Mchana ule ule tukaenda naye, Mitchelle pamoja nami, jirani yake.

Alisimama miguuni pa kitanda bila kuvua kofia.

"Nimekuja," akasema. "Nimekusamehe ile firigisi."

"Firigisi gani?" Kavumbi akauliza.

Mzee akamweleza yote, bakuli na mfuniko wake. Kavumbi alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za kijiji kingine.

"Kaka, mimi sikujua kwamba umeninunia," akasema. "Mimi ndiye niliyekununia wewe."

Kumbe asubuhi ya siku ile ile, kabla ya kuku, ulisomwa wasifu wa marehemu. Ameacha watoto: Dzombo, Nyevu, Kadzo na wengineo.

"Tulikuwa wanne," Kavumbi akasema. "Hao wengineo ni mimi peke yangu."

"Na firigisi yangu?"

"Wengineo nao wana njaa."

Mitchelle akageukia dirisha. Mimi niliangalia sakafu. Wasifu ule niliuandika mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nasifiwa mwandiko, na Mzee alinitajia majina yote manne. Karatasi iliisha ikabakiza nafasi ya maneno mawili madogo. Nikangoja wanyamaze ili niseme. Wakanyamaza, kwa muda mrefu tu, na sikusema.

Mzee, hata hivyo, alikuwa ameumizwa na jambo lingine kabisa.

"Miaka kumi na tisa nimekununia," akasema polepole, "na hukuona?"

"Ningeonaje? Nilikuwa sikuangalii."

Mzee akageuka, akakaa akitazama ukuta.

"Babu, limekuuma?" Mitchelle akamuuliza taratibu.

"Nyamaza, mke wangu."

Lakini hakuondoka. Alikuwa bado ameuelekea ukuta wakati muuguzi Madina, msichana wa umri wa Mitchelle, alipoingia na fomu ya upasuaji na kuuliza ndugu wa karibu wa mgonjwa ni nani.

"Andika Dzombo Nyale, kaka yangu," Kavumbi akasema. Akavuta pumzi. "Na wengineo."

Mzee aligeuka. Alimtazama mdogo wake, kisha fomu.

"Andika majina," akamwambia Madina. "Nyevu, andika. Kadzo, andika. Na huyu mwenyewe Kavumbi, mwandike tena hapo chini. Karatasi ikiisha, lete nyingine."

Madina akaandika, na alipomaliza akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kavumbi aliamka, akapona, na siku hizi huletwa Minjila kila Jumapili. Mzee amepata ushahidi mpya. Huwasimulia wageni kwamba hospitalini alimwona muuguzi mzima, mtu wa kushika damu, akilia kwa ajili ya fomu.

"Fomu," anarudia. "Ngozi ya papai."

Na Kavumbi, kando yake, anatikisa kichwa kwa masikitiko, huku akiangalia kwa makini bakuli linapofunuliwa.